Paka wa mtaani akiingia ndani, paka wa nyumbani awe ameshachanjwa

Paka wangu Siti alikuwa na miaka 8 na hajawahi kukanyaga ardhi. Alikulia ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam, kazi yake kuchungulia kunguru kupitia nyavu za dirisha. Chanjo alizipata akiwa mtoto, basi. Nilijiambia: paka asiyetoka nje ugonjwa ataupata wapi? Kisha jioni moja nikarudi kutoka Soko la Samaki Feri na mtoto wa paka ndani ya kikapu. Alikuwa mchangamfu, macho meupe, hana hata kamasi. Nikamwogesha, nikamkausha, nikamwachia sebule pamoja na Siti. Siku ya 8 yule mdogo akaanza kupiga chafya. Siku ya 13 Siti hakuja kula.

Mdogo alipona mapema. Siti aliugua wiki 5, na jicho lake la kushoto lina ukungu mpaka leo. Nilipomuuliza daktari mbona mtoto alikuja mzima, alinijibu: "Huyu hakuugua wiki iliyopita. Alikuja nao ugonjwa siku ile ile uliyombeba." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu, kwa wenzangu ambao hawawezi kumpita mtoto wa paka anayelia mtaroni. Usalama wa paka wa ndani unategemea nani anaingia kwake, hata kama yeye mwenyewe hatoki kamwe.

Kwanza uelewe kwa nini wiki ya pili ndiyo mbaya

Mafua ya paka husababishwa zaidi na virusi viwili. Kimoja ni hepesi ya paka, cha pili ni kalisi. Hepesi hushambulia pua na macho: chafya, kamasi, tongotongo zinazogandisha kope, na wakati mwingine kidonda kwenye kioo cha jicho. Kalisi hushambulia zaidi mdomo: vidonda kwenye ulimi, udenda unaodondoka, na baadhi ya paka huchechemea kana kwamba wameteguka mguu. Vyote viwili haviambukizi binadamu, kwa hiyo watoto wa nyumbani wasifukuzwe kwa hofu hiyo.

Paka akishaugua hepesi na kupona, kirusi hakiondoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kubaki humo maisha yake yote. Paka akipata msukosuko, kirusi huamka: kuhamishwa, kuogeshwa, kukutanishwa na paka asiyemjua, kuzaa, kufanyiwa upasuaji. Lakini hakiamki siku hiyo hiyo. Hupita kama wiki moja, ndipo kinaanza kutoka kwenye machozi, kamasi na mate, na huendelea kutoka kwa wiki moja hadi mbili. Ukijumlisha unapata wiki 3. Safari ya kikapuni kutoka Feri ndiyo iliyokuwa msukosuko wa yule mtoto, na bafu la maji ya baridi nililompa likaongeza.

Kalisi ina tabia yake. Paka aliyepona anaweza kuendelea kuitoa kwa wiki au miezi, wengine miaka, bila chafya hata moja. Huyo huwezi kumgundua kwa macho, wala siku za kumtenga hazimmalizi. Dhidi yake, kinga unayoweza kuitegemea ni chanjo ya paka uliye naye tayari.

Hatua ya 1: Soma kadi ya paka wako kabla hujamwinua mgeni

Chanjo unayoitafuta ina herufi RCP au FVRCP, au jina la biashara kama Tricat. R ni hepesi, C ni kalisi, P ni panlukopenia, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa paka upesi. Karibu na herufi hizo pawe na tarehe, saini, na kile kibandiko kidogo kilichobanduliwa kwenye kichupa chenye namba ya toleo.

Watu wengi tunaposoma kadi tunaona muhuri wa kichaa cha mbwa tu, tukaridhika. Hiyo ni chanjo nyingine, ya lazima nayo, lakini haihusiani na mafua.

Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa wanyama wadogo unasema paka mzima aliyekamilisha chanjo za utotoni na aliye kwenye hatari ndogo anaweza kurudia RCP kila baada ya miaka 3. Soma vizuri maneno "hatari ndogo". Maana yake ni paka anayeishi peke yake, haendi kulazwa kwenye nyumba za kutunzia wanyama, na hapokei wageni. Wewe ambaye kila masika unaokota mmoja kwenye mfereji, paka wako hayumo kwenye kundi hilo hata kama hajavuka kizingiti tangu azaliwe. Kwa upande wa mafua, yeye ni wa kila mwaka.

Hatua ya 2: Chanja wa ndani kwanza

Mtoto wa paka huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, na sindano ya mwisho ya mfululizo isitolewe kabla hajafikisha wiki 16. Sababu ni maziwa ya mama: kinga aliyoinyonya humlinda, lakini pia huizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye kwa paka huyu itaisha wiki gani. Ndiyo maana sindano moja ya wiki ya 8, ambayo wengi hapa mjini huiita "ameshachanjwa", haitoshi. Baada ya hapo anarudia akiwa na miezi 6, au asipitishe mwaka mmoja.

Paka mzima asiye na kadi, au aliyechanjwa zamani usikokumbuka, apewe sindano 2, wiki 2 hadi 4 kati yake. Aliyekamilisha zamani lakini amepitiliza, daktari kwa kawaida atampa moja ya kumkumbusha mwili. Paka mwenye mimba mwambie daktari mapema, kwa sababu chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa hazifai kwake. Kirusi cha panlukopenia kinaweza kuharibu ubongo wa watoto walio tumboni.

Mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Mimi sasa nahesabu siku 14 tangu sindano ya mwisho ya paka wa ndani ndipo nakubali mgeni avuke mlango wa nyumba. Ukijua kabisa kwamba mwezi ujao utapokea paka, chanja sasa. Chanjo ya mafua hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa karibu na wakati wa hatari.

Usitarajie kisichokuwemo. Kwa panlukopenia kinga ni imara sana. Kwa hepesi na kalisi, chanjo haizibi kabisa njia ya maambukizi, inapunguza makali. Paka aliyechanjwa anaweza kupiga chafya siku 3 akaendelea kula. Asiyechanjwa anaweza kukaa siku hizo 3 bila kula, na kwa paka, hasa mnene, kukaa na njaa siku chache tu ini huanza kujaa mafuta. Tofauti hiyo niliiona kwa Siti.

Sasa suala la joto letu. Chanjo hizi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa umeme unaokatika na jua la Januari, una haki ya kuuliza. Uliza kwa adabu: "Dokta, samahani, friji yenu ina kipimajoto? Umeme ukikatika mnafanyaje?" Daktari makini hachukii swali hilo. Chanjo nyingi za RCP huja kama kichupa cha unga mkavu na kichupa cha maji. Vichanganywe mbele yako na sindano ichomwe muda huo huo, siyo iliyochanganywa asubuhi ikakungoja. Daktari akija nyumbani, aje na kiboksi chenye barafu, siyo kichupa mfukoni. Na awe ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, ambalo lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Kichupa cha kununua dukani ukamchome mwenyewe sikushauri, maana hujui kilipitia wapi kabla ya kufika rafuni.

Baada ya sindano, matone yakibaki juu ya manyoya yafutwe. Ni jambo dogo, lakini kirusi hai kilichodhoofishwa kimekusudiwa kuingia chini ya ngozi. Paka akijilamba kikapita mdomoni na puani, kinaweza kumletea chafya halisi.

Nenda asubuhi. Kwanza paka ndani ya tenga hawezi jua la saa 7 mchana kwenye foleni ya Morogoro Road. Pili, akivimba uso, akitapika mfululizo au akihema kwa shida saa chache baada ya sindano, kliniki bado iko wazi umrudishe mbio. Kusinzia na kukataa chakula siku moja ni kawaida. Uvimbe mdogo pale alipochomwa nao huwa unaisha. Ukikaa miezi 3, ukizidi sentimita 2, au ukiendelea kukua mwezi mmoja baada ya chanjo, mpeleke ukachunguzwe. Tenga la kuku la kawaida linafaa, lifunike kwa kanga, upande bajaji. Bodaboda sipendi, paka akishtuka akachomoka barabarani humpati tena.

Kama mgeni ameshaingia na hukujiandaa, mtenge sasa hivi, na wale wa ndani ambao bado wazima wachanjwe leo au kesho bila kungoja. Aliyeanza homa asichanjwe mpaka daktari amwone.

Hatua ya 3: Chumba cha mgeni, siku 21

Mgeni awe na chumba chake, mlango unaofungwa, kwa siku 21 kamili. Anza kuhesabu siku aliyofika. Akipiga chafya siku ya 15, hesabu inavunjika; anatibiwa, na unasubiri wiki 2 nyingine baada ya dalili kuisha.

Ndani weka beseni la mchanga, maji, chakula, na boksi la kujifichia. Boksi siyo pambo. Paka aliyejificha hutulia, na paka aliyetulia kirusi chake nacho hulala. Kwa sababu hiyo hiyo usimwogeshe siku za mwanzo. Mfute kwa kitambaa chenye uvuguvugu. Dettol usimguse nayo kabisa, wala dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini. Zote mbili ni sumu kwa paka.

Najua wengi wetu tunapanga chumba na sebule, au chumba kimoja. Choo cha ndani chenye dirisha kinatosha. Stoo inatosha ikiwa hewa inapita. Stoo ya bati mwezi wa pili ni tanuri, usimfungie humo. Kama hakuna kabisa, mlishe pale pale barazani au chini ya ngazi kwa wiki hizo, huku wa ndani akichanjwa. Unaweza pia kumwomba jirani asiye na paka. Mama wa ghorofa ya chini yangu aliniambia, "Mlete mwanangu, akae bafuni kwangu, mimi panya wamenichosha." Kizimba kwenye kona ya sebule ndilo chaguo la mwisho. Matone ya chafya hufika mita moja na zaidi, kwa hiyo ukiwa huna jinsi kiwe mbali, na upande mmoja ufunikwe kwa shuka.

Hatua ya 4: Mikono yako ndiyo mlango wa pili

Hapa ndipo karantini nyingi huvunjikia. Mlango umefungwa vizuri, lakini mtu anambeba mgeni, anamfuta tongotongo, kisha anatoka kumkuna Siti kidevu.

Hudumia wazima kwanza, mgeni mwisho. Ning'iniza dera au shati chakavu nyuma ya mlango wa chumba chake, ulivae humo na kulivua humo. Ndala za humo ziwe za humo. Mikono inawe kwa sabuni na maji ya kutiririka hadi kwenye viwiko. Vile vimiminika vya pombe vya kupaka mkononi havimwezi sana kalisi. Bakuli, kijiko na beseni lake visichanganywe na vya wengine.

Hepesi ni dhaifu nje ya mwili, siku moja haifikishi. Kalisi hudumu kwenye sakafu na vyombo kwa siku nyingi, hata kukaribia mwezi. Panlukopenia inaweza kukaa mwaka. Dawa yao ni ile ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, jiki. Osha kwanza kwa sabuni uchafu utoke, kwa sababu klorini juu ya uchafu haifanyi kazi. Kisha changanya jiki ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 20 vya maji, pakaza, acha dakika 10, suuza, kausha. Paka asiwepo chumbani wakati huo, na usiichanganye na dawa nyingine ya chooni.

Hatua ya 5: Mgeni naye aende kwa daktari

Mpeleke siku chache za mwanzo, tofauti na siku ya wale wa ndani, kwenye tenga lingine. Aangaliwe macho, mdomo, homa, minyoo, viroboto. Akiwa mzima achanjwe RCP siku hiyo hiyo. Hata kama aliwahi kuugua mafua, chanjo bado inamhusu: kalisi ina aina nyingi na kupona moja si kinga ya zote, na kupona mafua hakumkingi na panlukopenia.

Akifikisha wiki 12, achanjwe kichaa cha mbwa. Usilichukulie jina kama kinga, paka huupata ugonjwa huu, nao humuua mtu vile vile. Akikuuma au kukuparura kabla hujamjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Karibu na siku hizo ulizia kwa ofisa mifugo wa kata yako kama kuna zoezi la kuchanja.

Kliniki ikiwa na kipimo cha damu cha virusi vya leukemia (saratani ya damu) na ukimwi wa paka, mpime kabla hajala sahani moja na wako. Leukemia ya paka hupita kwenye mate na kulambana.

Kuhasi au kufunga kizazi kufanyike, lakini kumbuka upasuaji ni msukosuko na unaweza kuiamsha hepesi. Ama afanyiwe akiwa bado ametengwa, ama arudi chumbani kwake tena baada ya hapo.

Hatua ya 6: Chafya ikianza

Aliyeanza atengwe, hata kama ni wako wa miaka 8 na atalia mlangoni.

Paka hula kwa pua. Pua ikiziba, chakula hakina maana kwake. Pasha moto dagaa wabichi waliochemshwa bila chumvi, wanuke nyumba nzima, umpe wakiwa vuguvugu. Safisha pua na macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu, pamba moja jicho moja. Mfukize: funga bafu, fungulia maji ya moto au weka sufuria ya maji yanayofuka mahali asipofikia, ukae naye dakika 10. Mvuke wa maji matupu. Usitie mkaratusi, wala Vicks, wala majani ya nyungu.

Panadol usimpe hata robo. Ini la paka haliwezi kuisafisha, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Dawa za kuua bakteria hazigusi virusi. Daktari anaweza kuziandika bakteria wakijiingiza juu ya mafua, lakini usiende dukani kununua vidonge vya amoksilini kwa kukisia.

Na hili la macho naliandika kwa uchungu. Siku Siti alipofumba jicho, nilimtia matone yaliyobaki nyumbani ya mtu aliyekuwa na mzio. Yalikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, iitwayo deksamethazoni. Kwenye jicho lenye kidonda cha hepesi, steroidi hukizidisha kidonda. Ukungu ule ulitokana na kirusi na pia na mkono wangu. Jicho lililofumba, jekundu au lenye ukungu ni la kwenda kwa daktari siku hiyo. Vivyo hivyo asiyekula kwa saa 24, anayehema mdomo wazi, au mtoto mdogo aliyelegea.

Hatua ya 7: Kufungua mlango

Siku ya 22, mgeni mzima, wote wamechanjwa. Badilishaneni vitambaa vya kulalia kwanza, wazoee harufu. Kisha wale chakula pande mbili za mlango siku mbili tatu. Kisha mlango uwe wazi kidogo, uwepo. Mabeseni ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja. Kukoromeana siku za mwanzo kusikutishe. Kupigana hadi manyoya kuruka ni dalili kwamba umeharakisha.

Miezi ya mbele mgeni anaweza kuchafya tena, pengine mkihama nyumba au jirani akianza kuvunja ukuta. Mtenge siku hizo, pasha dagaa, angalia macho ya wenzake.

Kadi za chanjo zipige picha na uziweke kwenye simu, na tarehe ya kurudia iandike kwenye kalenda ya ukutani ambako kila mtu wa nyumbani anaiona. Yetu imebandikwa juu ya friji. Ya Siti ni Machi, kabla mvua za masika hazijaanza kuwasukuma watoto wa paka kutoka mitaroni.